Nyanya ananiuliza kipini kiko wapi

Asalaam aleikum Bi Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja, naishi Langoni hapa Lamu. Kazi yangu ni kupamba maharusi: hina, piko, nywele, uso. Nyuso za wanawake wa mji huu nimezishika kuliko mtu yeyote, labda ukimtoa mkunga. Huenda hilo ndilo lililonifikisha hapa.

Nilipokuwa na miaka tisa nilianguka kwenye ngazi za gati nikavunjika pua. Haikutibiwa. Ilipoa yenyewe, imepinda na kuota kifundo katikati. Chuoni watoto wakaniita Kipanga. Jina likanifuata shuleni, likanifuata hadi siku ya harusi yangu, ambapo mama mmoja wa upande wa mume alisema kwa sauti, "Kumbe Kipanga naye kaolewa!" Watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Kwa miaka sita nimekuwa nikiweka pesa zangu za mchezo. Mume wangu anafanya kazi Doha. Nilipomweleza alisema yeye hana neno na pua yangu, lakini kama mimi ninalo, basi nifanye. Mamangu na nyanya niliwaambia nakwenda Nairobi kutibiwa sainasi. Si uongo mtupu, kwa sababu tundu moja lilikuwa halipitishi hewa vizuri na daktari aliunyosha ukuta wa ndani. Lakini kilichonipandisha ndege pale Manda hakikuwa hewa.

Leo ni wiki ya tisa. Siku ya nane waliponitoa plasta nililia kwa furaha: kifundo hakipo, mwamba wa pua umenyooka. Macho yalikuwa meusi kama nimepigwa, hayo yakaisha. Kilichobaki ni ncha. Imekaa kama pera, nene, ngumu nikiigusa, na haina hisia, kama nimebandikwa. Asubuhi upande wa kushoto unakuwa umejaa kuliko wa kulia, jioni zinakaribiana. Nikicheka, mdomo wa juu hauendi kama zamani. Juzi nilifukiza udi nikashindwa kuusikia vizuri, mimi ambaye najua asumini wa jana na wa leo kwa harufu.

Kila siku baada ya kuswali alfajiri nasimama dirishani najipiga picha kwa simu, halafu nalinganisha na ya jana. Nina picha zaidi ya mia mbili. Wateja watatu nimewakataa, kwa sababu kupamba uso wa mtu ni kumkaribia, naye anakuona. Mume wangu tulipozungumza kwa video alinyamaza kidogo, akasema, "Mbona kama naongea na dada yako?" Sikulala usiku huo.

Nikabu zamani nilikuwa nikivaa siku mojamoja, sasa sitoki mlangoni bila hiyo. Mkanda wake unapita juu ya pua. Nikiivua jioni naona mstari umedidimia kwenye ngozi, na unabaki hapo hadi baada ya magharibi. Naogopa nimeshaiharibu kazi ya daktari kwa mkono wangu.

Daktari mwenyewe nimemwandikia mara nne. Jibu ni lilelile: "Ni uvimbe. Subiri mwaka mmoja." Mtu umpe akiba yako ya miaka sita akujibu maneno matano?

Sasa, baada ya wiki tano binti wa mama mdogo anaolewa. Siku ya kutolewa nje bi harusi ni wanawake watupu, hakuna nikabu, taa kali, na mimi ndiye niliyeombwa kumpamba. Na nyanya ameanza kuniuliza kipini kiko wapi. Ni kipini cha dhahabu alichonipa siku ya harusi yangu, naye alipewa na mamake. Nilikivua kwa ajili ya upasuaji nikakifunga kwenye leso kabatini. Nimemwambia kidonda cha sainasi hakijapoa. Ananitazama.

Kuna mwanamke mwenye saluni Mombasa, nimejulishwa na mteja. Anasema nikidungwa sindano mbili, moja ya kuyeyusha uvimbe na moja ya kujaza ili pande zilingane, nitaingia harusini niko sawa. Rafiki yangu mwingine anasema nirudi Nairobi nidai nipasuliwe upya bila malipo. Mamangu akijua atasema nimegeuza maumbile ya Mwenyezi Mungu, na usiku mwingine nami najiambia hivyohivyo, kwamba hii ndiyo adhabu yenyewe.

Nidungwe? Nirudi? Harusini nisiende? Nyanya nimwambie?

Mpambaji, Langoni

*

Waaleikum salaam mwanangu,

Pole kwa wiki tisa. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kalamu mkononi, na pahali nilipopiga mstari si kwenye pua. Ni pale ulipoandika "Ananitazama." Nitarudi hapo.

Kwanza nikuambie ninavyokuelewa, nawe unisahihishe moyoni nikikosea. Ulikuwa na pua iliyovunjika utotoni, na jina lililovunjika nayo. Umefanya kazi, umeweka, umemshauri mumeo, umekwenda kwa daktari. Kifundo kimeondoka. Lakini badala ya pua uliyoitarajia umepewa pua ya kungojea, na unaingojea peke yako, kwa sababu watu wote wa karibu wanaamini unauguza kitu kingine. Halafu kuna harusi, yenye tarehe.

Tuanze na ule mstari wa nikabu. Wewe umeutaja kama ushahidi wa maafa, mimi nausoma vingine. Umewahi kumkanda miguu mwanamke mwenye mimba ya miezi minane? Ukibonyeza kwa kidole kishimo kinabaki, kwa sababu chini ya ngozi kuna maji. Miwani nayo humwachia kila mtu alama puani, lakini hupotea upesi. Mstari unaokaa hadi baada ya magharibi ni dalili kwamba pua yako bado imeshika maji. Yaani unachokiona kwenye kioo ni pua pamoja na maji yake, na hujaiona pua yenyewe hata siku moja.

Maji hayo yanatoka wapi? Ili akunyoshee mwamba na kuichonga ncha, daktari alilazimika kuibandua ngozi kutoka kwenye mfupa na gegedu, na mishipa midogo inayosafirisha maji mwilini hukatika hapo. Huota tena, polepole sana. Sehemu ya juu, ambako ngozi ni nyembamba, hutulia kwanza. Ncha ina ngozi nene, yenye mafuta, na ndiyo ya mwisho kila mara. Mifupa huhitaji kama wiki sita kushikana, na sehemu kubwa ya uvimbe huondoka katika miezi ya mwanzo, lakini ncha huchukua mwaka, na kwa wenye ngozi nene huweza kufika mwezi wa 18. Asubuhi umejaa kwa sababu umelala chali usiku kucha, mto wa pili chini ya kichwa husaidia. Upande mmoja kutangulia mwingine ni jambo la kawaida. Ganzi na mdomo wa juu kukakamaa vilevile, kwani neva nazo zina safari yao, na harufu hupungua kwa muda ndani kunapokuwa kumevimba. Punguza ng'onda na achari, chumvi huvuta maji. Jua la mchana likwepe, na hapo nikabu inakufaa.

Kwa hiyo daktari wako huenda amesema kweli, ila ameisema kibahili.

Lakini mimi sikuoni, naye hakuoni. Mtu akiandika "nina wasiwasi" hujibiwa "subiri". Mbadilishie swali. Mtumie picha nne zilizopigwa na mtu mwingine kwa mwanga mmoja: mbele, pande mbili, na ya chini inayoonyesha matundu. Kisha uliza mambo yanayohitaji jibu: Kiasi hiki cha kujaa ndicho unachokitarajia wiki ya tisa? Hapa juu ya ncha ni maji au ni kovu linalojijenga? Mkanda wa nikabu unaruhusu? Kipini lini? Na muombe siku ya kukuona kwa macho, gharama ya ndege iwe ni sehemu ya matibabu. Akikataa hata hilo, una haki ya kumwendea mpasuaji mwingine kwa maoni tu, bila kisu.

Nikabu yenyewe, mpaka ajibu, ishonwe upya ifungwe kwenye paji la uso, kitambaa kining'inie bila kukaza puani. Ni kazi ya nusu saa kwa fundi. Na kwenye vichochoro vya Langoni mpishe punda mwenye mzigo mapema kuliko ulivyozoea. Mtoto naye, ukimbeba, kichwa chake kiwe begani.

Homa ikikupanda, wekundu ukatambaa usoni, usaha, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, pua kuziba ghafla upande mmoja, damu isiyokoma baada ya kuibana robo saa, au maji maangavu yasiyo na rangi yanayodondoka tunduni unapoinama: hayo hayangojei ujumbe wa simu. Nenda hospitali ya King Fahd hapo mjini siku hiyohiyo, waeleze ulipasuliwa lini.

Sasa zile picha mia mbili. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walipiga hesabu wakaonyesha kwamba uso uliopigwa picha kutoka umbali wa futi moja hivi, yaani mkono wako mwenyewe, huonyesha pua pana kwa karibu asilimia 30 kuliko picha ya futi tano. Wewe ni mpambaji, unajua simu inavyodanganya. Kila alfajiri, saa ambayo pua imejaa kuliko saa zote, unaishikia kifaa kinachoinenepesha, halafu unalinganisha na jana, wakati badiliko lenyewe ni la mwezi hadi mwezi. Ungempima mtoto kimo kila asubuhi ungesema hakui. Jaribu kumwomba mtu akupige picha moja, tarehe moja kila mwezi, jioni, akiwa mbali. Nami nitakuuliza kwa upole: ukiambiwa usijitazame siku tatu, utaweza? Kama jibu ni hapana, kama unakataa kazi na hulali, basi hilo nalo linahitaji kuuguzwa. Wengi huingiwa na huzuni katika majuma ya baada ya upasuaji wa uso, na kwa wengi hupita. Isipopita, mtafute mshauri wa ana kwa ana au daktari wa magonjwa ya akili. Si aibu, na haimaanishi ulikosea kupasuliwa.

Mumeo nadhani umemsikia vibaya. Au niseme, umemsikia kwa masikio ya Kipanga. Mtu aliye Doha, kwenye skrini ya kiganja, ameona uso asioujua kwenye sauti anayoijua, akasema la kwanza lililomjia. Huenda aliogopa kidogo. Umemuuliza alimaanisha nini? Barua haisemi.

Kuhusu sindano. Uamuzi ni wako, lakini uamue ukijua. Ya kwanza ipo kweli: wapasuaji huweza kudunga dawa ya aina ya steroidi, kiasi kidogo, juu kidogo ya ncha, kovu likizidi. Huifanya aliyepasua au mwenzake wa fani, kwa sababu ikizidi au ikikosea mahali ngozi hukonda na kuacha shimo. Ya pili ndiyo inayonitia baridi. Pua iliyotoka kupasuliwa mishipa yake ya damu imeshapangika upya. Dawa ya kujaza ikiingia kwenye mshipa au kuubana, ngozi hufa, na kwa bahati mbaya kabisa huweza kufika kwenye jicho na mtu akapofuka. Ni nadra, lakini ikitokea hutakiwa daktari wakati huohuo, si basi la kutoka Mombasa. Zaidi ya hayo, unajaza nini? Maji yatakayoondoka mwezi ujao? Upande wa kushoto ukishuka wenyewe, utabaki na kulia kulikojazwa. KMPDC, baraza linalosajili madaktari nchini, lina orodha inayosomeka mtandaoni. Mtafute bibi wa saluni humo kabla ya kumtumia hata shilingi.

Kurudi kupasuliwa upya sasa hivi, wapasuaji wengi hawatakubali kabla ya mwaka, na si kwa ukaidi. Kovu changa ni gumu, halionyeshi mwisho wake, na kila kisu huongeza kovu jingine. Madai ya fedha, kama yapo, hayaozi kwa kungoja mwaka huu, ingawa kisheria yana muda wake. Tunza karatasi zako.

Harusi sasa. Unaweza kukosa, lakini katika mji ule kutoonekana kwako kutazungumzwa kuliko pua yoyote, na binti wa mama mdogo ataumia bila kujua kosa lake. Unaweza kumpamba asubuhi chumbani, mkiwa wawili watatu, ukaondoka mapema. Unaweza kukaa mpaka mwisho ukiwa umejipamba mwenyewe. Itakuwa wiki ya 14, ngozi itakuwa imepoa, na kivuli kidogo pande za ncha unakijua kuliko mimi, ila mkono uwe mwepesi. Je, ni kweli wote watakuangalia wewe? Wamekuja kumtazama bi harusi. Wako watakaogundua, na katika hao wako watakaosema. Jina nalo nisikudanganye: mji ukishakubandika jina, halitoki hata ukihamia Shela. Ulitarajia likatwe pamoja na kifundo? Kama ndiyo, labda sehemu ya majonzi haya inatoka huko, na hakuna daktari atakayeigusa.

La dini si langu kulifungua. Ninachojua ni kwamba wanazuoni hutofautisha kurekebisha kilichoharibika kwa ajali na kubadilisha kilicho kizima kwa kutafuta uzuri, na kwamba kesi yako ina kuvunjika, ina hewa, ina uzuri pia. Mtafute unayemwamini, au mkewe kama unaona haya, umpe hadithi yote bila kuipunguza. Ila hiyo ya kuita uvimbe adhabu, nitakuuliza: aliyepasuliwa goti akavimba miezi sita, naye anaadhibiwa?

Na nyanya. Sitakuambia mficha uchi hazai, umelisikia tangu utotoni. Kuficha kumekusaidia pia: kumekupa wiki tisa bila maneno ya watu, na huna deni la kumweleza kila mtu mwili wako. Ukimwambia mamako, huenda akakasirika wiki tano kabla ya harusi, na habari zikamfikia dada yake jioni hiyohiyo. Usipomwambia, utaendelea kubuni kidonda cha sainasi kwa mwaka mzima, na uongo wenye kidonda huulizwa hali kila siku. Katikati kuna njia ndogondogo: kumwambia mmoja tu, au kusema "walininyosha na mfupa uliovunjika gatini", ambayo ni kweli tupu na haikulazimishi kusema zaidi. Wewe ndiye unayewajua.

Ila nifikirie pamoja nawe juu ya bikizee huyu. Alikuwako ulipoanguka. Amekiona kile kifundo kwa miaka 22, na sasa hakioni. Unadhani kweli anaamini ni sainasi? Mtu anayetazama bila kusema huenda anahukumu, na huenda anakungoja. Mimi siwezi kujua ni lipi. Ninachoona ni kwamba uso wako anauona kila siku, na bado swali lake halihusu uso.

Kipini kisirudi puani bado. Wapasuaji hawapendi kitu chenye ncha kipite hapo kwa miezi kadhaa, na tundu likiziba litatobolewa tena wakati wake. Lakini nyanya hajauliza kwa nini hukukivaa. Ameuliza kiko wapi. Hata kabla hujaamua utamweleza kiasi gani, unaweza kufungua kabati, ukaitoa ile leso, ukaifungua mapajani mwake.